UZI: Nne nne (4 4 4 4). Sheria kwanza, mbinu ya jozi, na namba zinazogoma

#1 Kipeuo_cha_Pili

Wakuu, lile fumbo la "tumia 4 mara nne tu, upate 0 hadi 20" limerudi tena kwenye magrupu, na ugomvi ni ule ule. Mmoja anasema 19 haiwezekani, mwingine anaileta kwa mstari mmoja. Wote wako sahihi, kwa sababu kila mmoja anacheza kwa sheria zake. Basi uzi huu tuufungue kwa kutaja alama zinazoruhusiwa, halafu ndipo tuhesabu.

Ngazi A: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, mabano, na kubandika tarakimu (44, 444).
Ngazi B: A pamoja na kipeuo cha pili, √4 = 2.
Ngazi C: B pamoja na faktoria (4! = 4×3×2×1 = 24), nukta ya desimali (.4, 4.4) na kipeo (4^4, ambapo ile 4 ya juu nayo inahesabiwa).
Ngazi D: C pamoja na desimali inayojirudia. Kwa kuwa simu haziweki kistari juu ya tarakimu, hapa tutaandika .(4) tukimaanisha 0.4444… isiyoisha, yaani 4/9.

Marufuku hadi mtu aseme wazi kwamba anatoka nje: logi, gama (Γ, jamaa wa karibu wa faktoria), kukata desimali, alama ya asilimia, mraba ulioandikwa kwa ² na kipeuo cha tatu. Hizo mbili za mwisho zinaingiza tarakimu 2 na 3 ambazo hukupewa.

Ngazi A hii hapa, 0 hadi 10:

0 = 44 − 44
1 = 44/44
2 = 4/4 + 4/4
3 = (4+4+4)/4
4 = 4 + 4×(4−4)
5 = (4×4+4)/4
6 = 4 + (4+4)/4
7 = 44/4 − 4
8 = 4+4+4−4
9 = 4+4+4/4
10 = (44−4)/4

Hiyo 10 haitoki kwenye ngazi A bila kubandika 44. Kuanzia hapo hadi 20, ngazi A inatoa 12, 15, 16, 17 na 20 tu. Zinazogoma ni 11, 13, 14, 18 na 19. Nimeziorodhesha makusudi ili mtu asipoteze jioni nzima akitafuta 14 kwa alama nne za kawaida.

#2 Mbishi_wa_Mabano

Nina pingamizi. Umekataza ² kwa kuwa inaonyesha tarakimu 2, lakini √ nayo ni "kipeuo cha 2" kilichofichwa. Kwa nini hiyo ipite?

#3 Kipeuo_cha_Pili

Inapita kwa sababu moja tu: kwenye maandishi hiyo 2 haiandikwi. Fumbo hili linahesabu tarakimu zinazoonekana kwenye karatasi, na ndiyo maana ∛8 inakataliwa (ile 3 inaonekana) wakati √4 inakubaliwa. Ukiona ni uonevu, cheza ngazi A. Ni halali kabisa, ila ujue unaishia 10 kabla ya pengo la kwanza.

Ukiruhusu kipeuo, mapengo yanazibika hivi:

11 = 44/(√4+√4)
13 = 44/4 + √4
14 = 4+4+4+√4
18 = 4×4 + 4 − √4

Inabaki 19 peke yake. Si jambo geni: fumbo hili lilijadiliwa Uingereza mwaka 1881 kwenye jarida la sayansi la Knowledge lililohaririwa na Richard Proctor, na tangu wakati huo 19 ndiyo iliyotajwa kuwa kikwazo. Dawa yake iko ngazi C, na zipo mbili:

19 = 4! − 4 − 4/4
19 = (4+4−.4)/.4, maana 7.6 ÷ 0.4 = 19

#4 Witiri

Niongeze sababu, maana watu wanakariri majibu bila kuona kwa nini 11, 13 na 19 ni wakaidi. 4 ni shufwa. √4 ni shufwa. 4! ni shufwa. 44 ni shufwa. Ukijumlisha, ukitoa au ukizidisha shufwa, unabaki na shufwa milele. Ukiacha ujanja kama (4−4)! = 1, namba witiri haipatikani bila kugawanya mahali fulani, na kugawanya kunakula angalau 4 mbili. Kwa hiyo ukipewa lengo witiri, usianze kwa kujumlisha ovyo. Anza na kuchagua utakayogawanya:

4/4 = 1
√4/.4 = 5
4/.(4) = 9
√4/√.(4) = 3
44/4 = 11 (hii inakula tatu)

Tano hizo ndizo mashine za witiri. Ukishachagua moja, swali linakuwa dogo: 4 zilizobaki zifike kwenye lengo ukiondoa 1, au 5, au 9, au 3.

Kuna njia ya sita: kugawanya mwishoni, yaani kitu chote juu ya .4 au juu ya 4. Wengi huwa hawaioni.

#5 MwlDarasaLaTano

Naomba niingilie upande wa watoto. Fumbo hili ni zuri sana kufundishia MAGAZIJUTO, lakini pia ndipo MAGAZIJUTO inapowapotosha. Mtoto amekariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akikutana na 4 − 4 + 4 + 4 anajumlisha kwanza kwa kuwa JU iko kabla ya TO: 4+4+4 = 12, kisha 4 − 12 = −8. Jibu sahihi ni 8. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda kushoto kuelekea kulia. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo.

Jambo la pili ni kikokotoo. Vile vidogo vya dukani hukokotoa kwa mfuatano wa vitufe: ukibonyeza 4 + 4 ÷ 4 = kinakupa 2. Kikokotoo cha kisayansi kinakupa 5, ambayo ndiyo sahihi. Wanafunzi wawili wakiwa na vikokotoo tofauti watabishana hadi kengele ilie. Waambie waandike mabano hata pale yasipolazimika.

Nikiwa na darasa la shule ya msingi sianzi na nne nne. Naanza na fumbo dogo: tarakimu moja mara tatu, jibu liwe 6.

2+2+2
3×3−3
5+5/5
6+6−6
7−7/7

Hizi tano zinatoka kwa alama za kawaida. 0, 1, 4, 8 na 9 zinahitaji zaidi: (0!+0!+0!)!, (1+1+1)!, √4+√4+√4, 8−√√(8+8), na √9×√9−√9. Wa msingi hawajafika kwenye faktoria, kwa hiyo wape zile tano tu. Usiwape 4 ukawaacha wahangaike, kwa alama nne za kawaida haitoki.

#6 Tarakimu_Tupu

Mwalimu, hapo kwenye 0! waeleze kabisa kwamba 0! = 1, la sivyo mtu ataandika 0 na fumbo lote litaporomoka.

#7 Mama_Desimali

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, 21 hadi 100. Anayetafuta kila namba kivyake atachoka akifika 33. Njia inayofanya kazi ni ya jozi: tengeneza kwanza akiba ya namba zote zinazopatikana kwa 4 mbili, uiandike pembeni ya daftari, halafu kila lengo litafute kama jumla, tofauti, zao au hisa ya jozi mbili.

Akiba yangu, ngazi C:

0 = 4−4
1 = 4/4
2 = 4−√4
4 = √4+√4
5 = √4/.4
6 = 4+√4
8 = 4+4
10 = 4/.4
12 = 4!/√4
16 = 4×4
20 = 4!−4
22 = 4!−√4
24 = (√4+√4)!
26 = 4!+√4
28 = 4!+4
44
48 = 4!+4!
60 = 4!/.4
64 = √√√(4^4!)
96 = 4×4!
120 = (√4/.4)!
256 = 4^4

Hiyo 64 isiwatishe. 4^24 ukiichukulia kipeuo mara tatu, kipeo kinakatwa nusu kila mara: 24, 12, 6, 3. Unabaki na 4^3 = 64, na umetumia 4 mbili tu.

Ngazi D inaongeza vito vinne:

3 = √4/√.(4)
9 = 4/.(4)
36 = 4!/√.(4)
54 = 4!/.(4)

Angalieni sasa thelathini zinavyoanguka zenyewe:

31 = 26+5 → 4!+√4+√4/.4
33 = 28+5 → 4!+4+√4/.4
34 = 22+12 → 4!−√4+4!/√4
35 = 44−9 → 44−4/.(4)
37 = 36+1 → 4!/√.(4)+4/4
38 = 28+10 → 4!+4+4/.4
39 = 44−5 → 44−√4/.4

Zote saba zimetoka kwa kuangalia akiba, hakuna kubahatisha. Kwa wasiotaka ngazi D: 35 = 4!+44/4, na 37 = 4!+(4!+√4)/√4.

Ukipanda juu, nguzo zako ni 48, 60, 64 na 96. 59 na 61 ni 60 kutoa au kuongeza 4/4. 65 ni 60+5, 69 ni 60+9, 67 ni 64+3. 87 ni 96−9, 93 ni 96−3, 95 na 97 ni 96 na 4/4, 99 ni 96+3. Na 100 = 4×(4!+4/4).

#8 Mbishi_wa_Mabano

√.(4) = 2/3 mnaipitisha kimya kimya. Thibitisheni basi.

#9 Mama_Desimali

Iite x = 0.444… Zidisha kwa 10: 10x = 4.444… Toa ya kwanza kwenye ya pili: 9x = 4, kwa hiyo x = 4/9. Kipeuo cha 4 ni 2, cha 9 ni 3, basi 2/3. Kugawanya kwa 2/3 ni sawa na kuzidisha kwa moja na nusu, ndiyo maana 4! inakuwa 36 na 2 inakuwa 3.

Kosa la kawaida ni kuchanganya .4 na .(4) ndani ya jibu moja bila alama. 4/.4 ni 10, 4/.(4) ni 9. Ukiandika kizembe, msahihishaji atakukatia na atakuwa na haki.

#10 Juma_Desimali_Tatu

Nimekwama 41, 51, 71 na 89. Jozi za dada hapo juu hazinifikishi, ila 51 nimeiona, 60−9.

#11 Witiri

Hizo ndizo za ile njia ya sita niliyoitaja. Ukiwa na lengo L, chukua L × 0.4, utafute matokeo hayo kwa 4 tatu, kisha yote yagawe kwa .4.

41 × 0.4 = 16.4. Hiyo ni 16 + .4, basi (4×4+.4)/.4 = 41.
51 × 0.4 = 20.4, basi (4!−4+.4)/.4 = 51, bila ngazi D.
71 × 0.4 = 28.4. Hapa watu hujaribu 28 + .4 na kudhani wanamaliza 4 nne kabla hata ya kugawanya: 4!, 4, .4, kisha .4 ya chini. Hesabu vizuri, ni nne kamili: (4!+4+.4)/.4. Unaweza pia kuandika (4!+4.4)/.4, tarakimu ni zile zile.
89 × 0.4 = 35.6 = 36 − .4, na 36 iko kwenye akiba ya ngazi D: (4!/√.(4)−.4)/.4 = 89. Jirani yake 91 unabadilisha tu alama ya kutoa iwe ya kujumlisha.

55 na 75 nazo ni za nyumba hii: 55 × 0.4 = 22, 75 × 0.4 = 30. Malizia mwenyewe.

Kuna familia nyingine, ya 81. 4/.(4) ni 9, ipandishe kwa kipeo √4 upate 81, umebakiwa na 4 moja. Inaweza kuwa 4 au √4, kuongeza au kutoa: 77, 79, 83, 85. Namba nne ngumu kwa mpigo mmoja.

#12 Juma_Desimali_Tatu

55 = (4!−4+√4)/.4
75 = (4!+4+√4)/.4
Asante mkuu. Na 73?

#13 Mama_Desimali

64+9: √√√(4^4!) + 4/.(4). Ndiyo maana niliiweka 64 kwenye akiba, 73 bila hiyo ni mateso.

#14 Tarakimu_Tupu

Naona uzi umeng'ang'ania 4. Sababu ya 4 kupendwa ni hii: kipeuo chake ni namba nzima, faktoria yake ni ndogo, na ina vigawanyo vizuri. Tarakimu nyingine si hivyo.

9 ndiyo inayoikaribia. √9 = 3, (√9)! = 6, na .(9) = 1 kamili. Tarakimu moja inakupa 9, 6, 3 au 1. Kwa upande huo 9 inaizidi 4, kwa sababu unapata 1 bila kuchoma tarakimu mbili.

5 inakwenda vizuri hadi 7, kisha inakwama kwenye 8. Dawa: 5!/(5+5+5) = 120/15 = 8, au (5−.5−.5)/.5 = 8. Baada ya hapo 9 = 5+5−5/5, 10 = (55−5)/5, 11 = 5+5+5/5, 12 = (55+5)/5.

7 ni ngumu. √7 haiishi, 7! = 5040 ni kubwa mno. Unabaki na kubandika na kugawanya.

Yapo mambo yanayofanya kazi kwa tarakimu yoyote, 1 hadi 9. Iite a:

1 = a/a
10 = a/.a
11 = aa/a
10 = (aa−a)/a
12 = (aa+a)/a
37 = aaa/(a+a+a)
100 = (a/.a)×(a/.a)
100 = (aaa−aa)/a
1000 = (aaaa−aaa)/a

(Hapo aa ni kubandika, si kuzidisha.) Jaribuni 37 kwa 7: 777/21 = 37. Kwa 2: 222/6 = 37. Ukiwa na hizi kichwani, swali kama "pata 100 kwa 7 nne" linaisha kabla mwenzako hajachukua kalamu: 7/.7 × 7/.7.

Kwa 100 kwa tarakimu tano kuna nzuri zaidi kuliko hizo za jumla: 111−11, 33×3+3/3, 5×5×5−5×5. Na 9 zinahitaji nne tu: 99+9/9.

#15 MwlDarasaLaTano

Kuna lile la "8 nane kwa kujumlisha tu, pata 1000". Jibu nalijua, 888+88+8+8+8. Nataka njia ya kumwonyesha mwanafunzi asibahatishe.

#16 Witiri

Gawanya kila kitu kwa 8. 1000/8 = 125. Sasa swali ni: 111, 11 na 1 ngapi zinafika 125? Toa 111, zinabaki 14. Toa 11, zinabaki 3. Basi 111+11+1+1+1, rudisha 8, tarakimu 3+2+1+1+1 = 8. Mwisho.

Kizuri zaidi ni kwamba idadi ya 8 haiwezi kuwa yoyote. Ukivunja 11 moja kuwa 1 kumi na moja, tarakimu zinaongezeka kutoka 2 hadi 11, yaani 9 zaidi. Ukivunja 111 kuwa 11 kumi na 1 moja, tarakimu zinatoka 3 hadi 21, yaani 18 zaidi. Kila mvunjo ni mafungu ya 9. Kwa hiyo majibu ya kujumlisha yana 8 nane, au 17, au 26, na kuendelea kwa tisa-tisa hadi 125. Mtu akikuuliza "pata 1000 kwa 8 kumi, kujumlisha tu", mwambie haipo na sababu umpe.

Kwa tarakimu nyingine, kujumlisha tu, idadi ndogo kabisa kufika 1000:
4: kumi na sita (444+444+44+44 na 4 sita)
5: ishirini (555, 55 nane, na 5 moja)
2: ishirini na tatu (222 nne, 22 tano, na 2 moja)
3, 6, 7 na 9 hazifiki kabisa, kwa kuwa 1000 haigawanyiki kwazo, na kuongeza alama ya kutoa hakusaidii kitu. Hapo lazima ugawanye: (7777−777)/7.

#17 Fundi_Kodi

Kwa wanaotaka kompyuta ifanye kazi hii. Programu yenyewe ni fupi, makosa ndiyo mengi.

Tengeneza mafungu. S1 ni namba zinazotoka kwa 4 moja, S2 kwa mbili, S3 kwa tatu, S4 kwa nne. S2 ni kila namba ya S1 na kila namba ya S1 kwa alama zote. S3 ni S1 na S2. S4 ni S1 na S3, pamoja na S2 na S2, usisahau hiyo ya pili. Kutoa na kugawanya fanya pande zote mbili, 4−8 na 8−4. Kubandika hakutoki kwenye alama, ingiza kwa mkono: 44 kwenye S2, 444 kwenye S3, 4444 kwenye S4. Ngazi C ingiza pia .4, 4.4 na .44. Kila namba iandamane na maandishi yake, na ukipata namba ile ile kwa njia mbili, weka iliyo fupi.

Kipimo cha kujua kama umeandika vizuri: kwa ngazi A, S2 ina namba tano: 0, 1, 8, 16, 44. S3 ina namba 21: −40, −12, −4, −3, 0, 1/11, 1/4, 1/2, 2, 3, 4, 5, 11, 12, 20, 32, 40, 48, 64, 176, 444. Ukipata pungufu, umesahau upande mmoja wa kutoa au kugawanya. Ukipata zaidi, unahesabu marudio. (Angalieni pia kwamba 6 haimo. Ndiyo maana mwalimu alisema 4 tatu hazitoi 6 kwa alama za kawaida.)

Yanayoharibika:

Desimali za mashine. 8/3 haiwekwi kamili, ukiirudisha kwenye hesabu unapata kitu cha karibu tu, na ulinganisho na lengo unashindwa. Tumia sehemu halisi. Python ina Fraction tayari, kiasi na asili vinabaki namba nzima.

Faktoria bila breki. Ukiruhusu (4!)! unapata namba yenye tarakimu 24, na mzunguko unaofuata unaua kumbukumbu. Weka kikomo, kwa mfano faktoria kwa namba nzima 0 hadi 10 tu.

Kikomo cha ukubwa kilichobana mno. Ukitupa kila kinachozidi bilioni moja, unatupa 4^24, ambayo ni 281,474,976,710,656. Ukiitupa hiyo umepoteza 64 ya 4 mbili, na 73 itakuambia haipo.

Kipeuo. Kubali pale tu kiasi na asili vyote viwili ni miraba kamili. Utapoteza njia zinazopita √2 kisha zikarudi kwenye namba nzima, lakini hadi 100 huzihitaji.

#18 Mbishi_wa_Mabano

4^4^4 mashine yako inasoma vipi?

#19 Fundi_Kodi

Python inaanza juu: 4^(4^4), yaani 4^256, namba yenye tarakimu 155 (ila Python kipeo huandikwa kwa nyota mbili). Baadhi ya vikokotoo huanza kushoto na kukupa 256^4. Weka mabano. Vivyo hivyo 4!!: wanahisabati wengi husoma hiyo kama faktoria ya kurukaruka, 4×2 = 8. Ukimaanisha faktoria ya 24, andika (4!)!.

#20 Juma_Desimali_Tatu

Mbona hakuna anayetaja logi? Nimesikia inamaliza fumbo lote.

#21 Kipeuo_cha_Pili

Inamaliza, ndiyo maana imepigwa marufuku. Mwanafizikia Paul Dirac alionyesha kwamba kwa 2 tatu tu unapata namba nzima yoyote n: weka vipeuo n juu ya 2, chukua logi ya kizio 2, chukua tena logi ya kizio 2, badilisha alama. Kila kipeuo kinakata kipeo nusu, kwa hiyo vipeuo n vinakupa 2 kwa kipeo 1/2^n. Logi ya kwanza inakupa 1/2^n, ya pili −n.

Kwa 4 nne: chukua 4 yenye vipeuo n, logi yake kwa kizio 4 ni 1/2^n, kisha logi ya hiyo kwa kizio √4/4 (yaani nusu) ni n. Tarakimu: 4 moja chini ya vipeuo, moja kizio cha ndani, mbili kizio cha nje. Kuanzia hapo kinachobaki ni kuchora vipeuo tu.

Kukata desimali ni vivyo hivyo, hatari lakini kunafurahisha zaidi. Mwaka 1964 Donald Knuth aliandika kuhusu kutumia 4 moja tu, kwa kipeuo, faktoria na kukata desimali. Mfano: (4!)! ni karibu 6.2 × 10^23. Ichukulie kipeuo mara tano: inashuka hadi karibu 7.9 × 10^11, kisha 887,500, kisha 942, kisha 30.7, kisha 5.54. Kata desimali, una 5. Hiyo naikubali kama mchezo mwingine wenye heshima yake, si kama jibu la uzi huu.

#22 Witiri

Kwa kuwa Fundi ametaja 8/3, kuna jamaa wa karibu wa fumbo hili: mchezo wa karata wa 24 kutoka China. Namba nne, alama nne na mabano, hakuna kubandika, lengo ni 24. Zenye tarakimu zinazojirudia ndizo kali:

3 3 8 8 → 8/(3−8/3)
3 3 7 7 → 7×(3+3/7)
4 4 7 7 → 7×(4−4/7)
5 5 5 1 → 5×(5−1/5)
4 4 10 10 → (10×10−4)/4

Tatu za katikati ni hila moja: a×(b ± c/a) = ab ± c. 21+3, 28−4, 25−1. Ukiona zao la namba mbili limekaribia 24 na pungufu au ziada ndiyo namba iliyobaki, ficha kugawanya ndani ya mabano. Ya kwanza ni ya peke yake: 8 ÷ 1/3, na 1/3 umeitoa kwa 3 kutoa 8/3.

Za tarakimu moja mara nne: 3, 4, 5 na 6 zinatoka (3×3×3−3, 4×4+4+4, 5×5−5/5, 6+6+6+6). 1, 2, 7, 8 na 9 hazitoki. Kichekesho ni 8: tatu zinatosha, 8+8+8, ile ya nne ndiyo inayoharibu.

#23 Juma_Desimali_Tatu

La mwisho wakuu: 113 ya nne nne. Nimepita 100 hadi 112 kwa kuvuka baadhi, hii imenigomea kabisa.

#24 Mama_Desimali

Haijakugomea wewe tu, 113 inajulikana kwa ukaidi. Ukiangalia akiba, 120 ipo kwa 4 mbili, (√4/.4)!, unahitaji kutoa 7 kwa 4 mbili, na 7 haimo kwenye jozi. 7 ya bei rahisi ni ya 4 tatu: (4!+4)/4. Kwa hiyo unataka 120 kwa 4 moja, na hiyo inakutoa nje ya sheria za #1. Gama ya n ni faktoria ya n−1: gama ya 4 ni 3! = 6, gama ya 6 ni 5! = 120. Basi:

113 = Γ(Γ(4)) − (4!+4)/4

Iandike ukitaja gama juu kabisa ya jibu, kabla Mbishi hajafika.

#25 Mbishi_wa_Mabano

Nimeshafika. Gama nje, jibu halihesabiki kwenye ngazi A hadi D. Ila 120 kutoa 7 naikubali kwa uzuri.